Maswali ya Wasomaji: Mji Ukifurika Mashabiki

Barua za mwezi huu zimeangukia jambo moja: makongamano ya mashabiki, yale ya siku tatu au nne ambapo wapenzi wa katuni, anime, filamu na michezo ya mezani hujazana katika mji mmoja, wengi wao wakiwa kwenye kosplei, yaani mavazi ya wahusika wanaowapenda. Tumechagua nane. Zilizotaka tuamue shujaa yupi wa katuni ni mkali zaidi tumeziweka kando. Ugomvi huo hauna mwamuzi.

SWALI: Salaam mhariri. Nasikia San Diego kule Marekani hufunga barabara kubwa siku kadhaa kwa ajili ya watu waliovaa mavazi ya katuni. Kwetu barabara hufungwa kwa msafara wa kiongozi au mbio za mwenge. Mji unapata nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Unapata usiku. Mtu anayekuja kutazama mpira hununua tiketi, hula mishikaki, hurudi kwake. Shabiki wa Comic-Con, ndilo jina la kongamano la San Diego, hufika Jumatano na kulala hadi Jumapili, na kila usiku hoteli humtoza ushuru unaoingia katika mfuko wa mji. Kwa miaka mingi ushuru huo San Diego ulikuwa asilimia 10.5 ya bei ya chumba. Mei 2025 ukapandishwa, na sehemu ya nyongeza ni kwa ajili ya ukumbi wenyewe wa mikutano. Ndiyo maana wakuu wa mji wakikaa na waandaaji, swali lao si watakuja wangapi. Ni watalala wangapi, na usiku ngapi.

Comic-Con ilianza mwaka 1970 katika hoteli ya U.S. Grant ikiwa na watu wapatao 300. Mwaka 1991 ilihamia ukumbi wa mikutano ulio kando ya bandari, na siku hizi hupokea zaidi ya 130,000. Mwaka 2010 Anaheim na Los Angeles zilitaka kuinyakua. San Diego haikujitetea kwa mabango ya "Karibuni". Wenye hoteli walitenga vyumba zaidi kwa bei ya makubaliano, na kongamano likabaki.

Ama kufungwa kwa barabara ya Harbor Drive, hiyo si heshima kwa Batman. Kati ya ukumbi na mtaa wa mikahawa wa Gaslamp pamepita njia ya tramu na reli ya treni za mizigo. Treni ndefu ikipita, maelfu hurundikana kwenye kivuko, na wanaoendelea kuja kutoka nyuma hawajui kwa nini wa mbele wamesimama. Lipo daraja la waenda kwa miguu tangu 2011, ila halitoshi umati wote. Magari yakiondolewa barabarani, watu hupata mahali pa kusubiri bila kusukumana. Tramu nazo huongezewa safari hadi usiku mwingi, na wengi huacha magari mbali na kumalizia safari kwa reli.

SWALI: Mimi ni mchoraji na nataka kwenda San Diego mwakani. Beji zinauzwa wapi? Kuna jamaa mtandaoni ananiuzia yake.
Mchoraji, Nakuru

JIBU: Ya huyo jamaa achana nayo. Beji, ambayo ndiyo tiketi ya kuingilia, ina jina la mtu, haihamishwi, na kitambulisho huangaliwa. Wala hakuna beji zinazouzwa mlangoni siku ya kongamano.

Fungua akaunti ya Member ID kwenye tovuti ya Comic-Con na uithibitishe sasa, kwa kuwa anayefungua karibu na mauzo huachwa nje. Yapo mauzo mawili: ya waliohudhuria awamu iliyotangulia, kisha ya wote. Siku yenyewe unaingia kwanza katika ukurasa wa kusubiri, na muda ukifika kompyuta huchagua bila kujali nani alitangulia. Kuwahi sana hakukusogezi mbele, lakini kuchelewa kunakutoa kabisa. Wa Afrika Mashariki huponzwa na saa: ikitangazwa saa 3 asubuhi ya huko, Nakuru itakuwa saa 1 usiku wakati wa kiangazi chao, na saa 2 usiku wakati wa baridi yao. Hoteli za bei ya makubaliano nazo zina bahati nasibu yake, baadaye. Usilipie chumba kisichorudishiwa pesa kabla ya kupewa visa.

Ukikosa beji, si lazima safari ife. Kampuni za filamu na televisheni hukodi mikahawa na viwanja vya Gaslamp na kuvipamba, na maonyesho mengi ya huko nje hayadai beji.

SWALI: Mwanangu wa miaka 16 anataka kwenda kongamano la MCM hapa London na upanga aliochonga mwenyewe kwa mbao. Tutapanda treni. Naogopa polisi.
Mama Salma, London

JIBU: Unaogopa kwa haki, mama, lakini jambo hili lina dawa. Upanga wa mbao nzito una hatari ya kukataliwa langoni kwa sababu mtu akigeuka vibaya kwenye msongamano unaweza kuvunja jino la jirani. Chuma chenye makali hakipiti popote. Mwambie aunde mwingine kwa sponji ngumu ya EVA, ile inayofanana na mikeka ya mazoezi. Akate vipande viwili vya unene wa milimita 10, achimbe mfereji katikati, alaze bomba jembamba la plastiki kama uti wa mgongo, kisha apake gundi ya viatu pande zote mbili. Gundi iachwe ikauke hadi isishike kidole, ndipo abandike. Akibandika ikiwa mbichi itaachia ukumbini, na hapo ndipo machozi. Rangi ije baada ya tabaka mbili tatu za gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, vinginevyo sponji huinywa na kupasuka ikikunjwa.

Njiani kifaa kikae ndani ya mfuko uliofungwa mpaka mfike ukumbi wa ExCeL. Kama angebeba bunduki ya kuigiza tungesisitiza mara mbili: Uingereza ni kosa kubeba mfano wa bunduki hadharani bila sababu ya maana, na polisi wa mtaani hajui anime. Shukeni Custom House kwa Elizabeth line. Asubuhi ya Jumamosi pakijaa, endeleeni kwa treni ndogo za DLR hadi stesheni ya Prince Regent, iliyo upande wa mashariki wa jengo.

Kila mji na sheria zake. Tokyo, kwenye Comiket, soko kubwa la wachoraji, ni marufuku kutoka nyumbani ukiwa umevaa kosplei. Unabadilisha ndani, kwenye vyumba vya kubadilishia. Atlanta ni kinyume: Jumamosi asubuhi ya Dragon Con, kongamano la huko, gwaride la wahusika hupita Peachtree Street na watu wa mji huja na viti na watoto kutazama. Phoenix, Arizona, ilijifunza kwa uchungu. Mei 2017 mtu mmoja alikamatwa ndani ya kongamano akiwa na bunduki za kweli zenye risasi. Silaha za kuigiza zikapigwa marufuku kongamano likiwa linaendelea, ukaguzi ukawa wa kila mtu, na foleni zikasimama kwa saa nyingi katika joto la jangwani. Kwa hiyo soma masharti tena wiki ileile ya safari, si yale ya mwaka jana.

SWALI: Sisi wa Muscat, lililo karibu ni lipi? Na mavazi?
Msomaji, Muscat

JIBU: Middle East Film and Comic Con. Lilianza Dubai mwaka 2012 na tangu 2022 liko Abu Dhabi, katika ukumbi wa ADNEC. Mavazi yawe ya stara. Mhusika akiwa na kifua au mapaja wazi, vaa fulana ya kubana ya rangi ya ngozi chini yake, na njiani ujifunike kwa kanzu au abaya.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana wa Mombasa. Tunapanga kongamano la watu 2,000 kwa siku mbili, lakini hatuoni ukumbi mmoja wa kututosha, na hatujui tukafike kaunti na maneno gani.
Kikundi cha anime, Mombasa

JIBU: Ukumbi mmoja si lazima. Dragon Con imekuwapo Atlanta tangu 1987 na maskani yake ni hoteli tano za katikati ya mji, tatu kati yake zikiwa zimeunganishwa kwa vivuko vya juu vilivyofunikwa. Siri yao nyingine ni tarehe: wikendi ya Labor Day, mwanzoni mwa Septemba, wasafiri wa kikazi hawapo na vyumba vingekaa vitupu. Kwenu pwani hoteli hulegeza bei kuanzia Aprili hadi Juni. Mtalipia kwa mvua ya masika, basi msiweke kitu chochote cha karatasi nje. Kinachowatesa Atlanta ni lifti. Kikao kikubwa kikiisha saa kamili kila hoteli, watu wenye mabawa ya mita mbili hungoja lifti ileile kwa pamoja. Nyinyi pishanisheni: kikao cha jengo la kwanza kiishe saa 8 kamili, cha pili saa 8 na robo.

Tuje kwenye hesabu, maana kaunti itataka hesabu. Tuseme kati ya 2,000, watu 400 wanatoka nje ya Mombasa, wawili kila chumba, usiku mbili. Hivyo ni vyumba 200 mara 2, yaani usiku 400 wa chumba. Hapa ndipo waandaaji wachanga huumia. Mkataba wa kutengewa vyumba huwa na kifungu kinachodai mjaze sehemu fulani, mara nyingi asilimia 80. Katika usiku 400 hiyo ni 320. Wakilala 250 tu, 70 zilizobaki mnalipa nyinyi, na deni hilo hufika kongamano likishakwisha na mfuko ukiwa mtupu. Ombeni kidogo: vyumba 120, haki ya kuongeza, na tarehe ya kurudisha visivyochukuliwa bila faini, walau siku 30 kabla. Kisha wasisitizieni wageni wachukue chumba kwa jina la kongamano. Anayejitafutia kwingine amelala Mombasa, lakini kwenye hesabu yenu hayupo.

Kwa kaunti msitumie hoja ya San Diego kama ilivyo. Ushuru wa utalii wa asilimia 2 unaotozwa na hoteli za Kenya huenda kwenye mfuko wa kitaifa, si wa kaunti. Semeni linalowahusu: wachuuzi wenye leseni, ada za maegesho, mikahawa itakayofungua hadi saa 6 usiku. Karatasi moja inatosha: tarehe, watu kwa kila saa, barabara gani itajaa saa ngapi, magari ya wagonjwa yatapita wapi. Afisa anayeona saa na majina ya barabara husoma mpaka chini. Anayeona "tukio la kihistoria" huliweka faili pembeni.

Lango: chukueni saa ya kupimia. Mkaguzi mmoja akitumia sekunde 12 kwa begi, anapitisha watu 300 kwa saa. Mkitarajia watu 1,200 saa ya kwanza, meza nne ni kiwango cha chini kabisa, na hazitatosha, kwa sababu mmoja lazima atasimama kubishana na mtu mwenye shoka la plastiki. Wekeni ya tano, na ya sita iwe ya wasio na begi. Foleni ikunjwe kwa kamba ndani ya kivuli. Ikinyooka hadi barabarani, matatu zitaanza kupakia hapohapo na mtakuwa mmefunga barabara bila kibali. Tamasha la kwanza la New York Comic Con, Februari 2006, lilikwama hapa hapa. Waliofika walizidi uwezo wa sehemu waliyokodi katika ukumbi wa Javits Center, mamlaka zikazuia kuingia, na watu wenye tiketi mkononi wakabaki nje kwenye baridi. Hesabuni wanaotoka pia, maana mtu aliyetoka kula atarudi.

Joto lenu ni jambo kubwa kuliko jukwaa. Pittsburgh hupokea Anthrocon, kongamano la wapenzi wa wahusika wa kinyama, ambapo wengi huvaa suti nzima za manyoya. Liliingia mjini mwaka 2006 na watu wasiofika 3,000. Mwaka 2024 walipita 17,000. Ndani huwa na chumba maalumu cha kuvua vichwa: feni kubwa, maji, na kamera marufuku, ili mtu apumue bila kupigwa picha akiwa nusu simba nusu karani. Huo ndio ukarimu wa kwanza kuiga. Wekeni feni nne na maji ya kunywa, na mtu wa huduma ya kwanza akae mlango wa pili. Mikahawa ya Pittsburgh nayo iligundua jambo dogo: aliyevaa kichwa cha manyoya hawezi kunywa kwa glasi, basi mirija huwekwa tele mezani na alama za nyayo dirishani.

Indianapolis imefika mbali zaidi. Gen Con, kongamano la michezo ya mezani lililozaliwa Lake Geneva, Wisconsin, mwaka 1968, liliondoka Milwaukee na kuhamia huko mwaka 2003. Leo linavuta zaidi ya watu 70,000. Mikahawa hubadili majina ya vyakula kwa siku hizo nne na wahudumu huvaa fulana za michezo. Hayo hayaji yenyewe. Peleka ratiba kwa kila mwenye mkahawa wiki mbili kabla na uchore duara kwenye saa ambazo vikao vikubwa vinatoka. Mama ntilie akijua watu 600 wanatoka saa 7 mchana, ugali na pilau vitakuwa tayari. Asipojua, atakuwa anamenya vitunguu.

Na zungumzeni na sacco za matatu kuhusu gari la mwisho. Tamasha lililoisha saa 5 usiku bila usafiri halijaisha.

SWALI: Mji Mkongwe una vichochoro vya watu wawili wawili. Kongamano kubwa linaweza kukaa mahali kama hapa?
Msomaji, Unguja

JIBU: Nenda Lucca, Italia, kwa kutazama ramani tu. Ni mji wa kale uliozungukwa na kuta za takriban kilomita 4, na kila mwisho wa Oktoba Lucca Comics & Games huuingia mzima. Chimbuko lake ni miaka ya 1960. Mwaka 2006 lilirudishwa ndani ya kuta. Mahema makubwa husimikwa kwenye viwanja, makanisa na majumba huwa kumbi za maonyesho, na juu ya kuta watu wa kosplei hupiga picha. Kutembea mitaani ni bure. Tiketi ni ya kuingia mahemani. Mwaka 2022 ziliuzwa tiketi zaidi ya 300,000.

Kinachouokoa mji huo ni mambo mawili: tiketi zina kikomo kwa kila siku, na wengi huja kwa treni kutoka Pisa na Florence, basi gari halihitaji kuingia ndani. Unguja treni haipo, ila Sauti za Busara, iliyoanza 2004, imeshaonyesha kwamba Ngome Kongwe inaweza kubeba jukwaa na umati. Ugumu ungekuwa vichochoroni. Weka njia za kwenda na njia za kurudi, watu wasikutane uso kwa uso penye upana wa mita moja na nusu, na mahema ya biashara yasikae kwenye kona. Yakae Forodhani, penye nafasi ya kukwepa. Angoulême, Ufaransa, mji mwingine wa kale wenye tamasha la katuni tangu 1974, umechora katuni kubwa kwenye kuta za majengo na kuandika majina ya mitaa ndani ya viputo vya maneno, vikabaki hapo mwaka mzima. Kwa Mji Mkongwe, wenye hadhi ya urithi wa dunia, rangi ukutani hapana. Vibao vya kuning'iniza labda.

SWALI: Worldcon inaweza kuja Kampala?
Msomaji, Entebbe

JIBU: Kampala ilijitokeza kuomba ile ya 2028. Kongamano hili la hadithi za kubuni za kisayansi lilianza New York mwaka 1939 na halijawahi kufanyika Afrika. Mji hauchaguliwi na kamati. Wanachama wa kongamano hupiga kura miaka miwili kabla, na kura ya 2028 ni ya wanachama wa Worldcon ya 2026 huko Anaheim. Mpiga kura hulipa uanachama, kisha hulipa tena ada ya kura yenyewe, na ada hiyo humfanya mwanachama wa kongamano litakaloshinda. Idadi ya kura si kubwa: Chengdu ilishinda ile ya 2023 kwa kura 2,000 hivi. Kikwazo ni ada hizo mbili, si wingi wa watu.

SWALI: Naenda Comiket Tokyo mwezi Desemba. Nibebe nini?
Mwanafunzi, Nagoya

JIBU: Sarafu. Comiket ilianza Desemba 1975 na vikundi 32 vya wachoraji na watu wapatao 700. Desemba 2019 ilihesabu 750,000 kwa siku nne katika Tokyo Big Sight. Bado ni soko la wachoraji wanaouza vitabu vyao wenyewe kwenye nusu meza, na anayeuza hana chenji. Bei nyingi ni za mafungu ya yeni 500. Badilisha mapema upate sarafu za 100 na 500 na noti za 1,000. Ukitoa noti ya 10,000 utasimamisha foleni yote, na hakuna atakayekukaripia, watakutazama tu.

Nunua utepe wa kuingilia kabla ya siku. Kulala nje ya ukumbi usiku ni marufuku. Wengi hupanda treni ya kwanza ya alfajiri ya Rinkai au Yurikamome; ukiteremka usikimbie hata ukiwaona wengine wanakimbia. Foleni ya Desemba iko wazi kando ya bahari na upepo unakata, basi vaa soksi jozi mbili na uweke vifuko vya joto kiunoni, chini ya koti. Choo uende stesheni unayotokea. Nauli ya treni ya kurudi ijaze kwenye kadi yako kabla ya kwenda. Jioni foleni ya mashine za kadi pale stesheni ya Kokusai-Tenjijo huwa ndefu kuliko ya kuingia.